Nailoni kwenye shamba la nafaka: maji yanakokwenda na plastiki inakobaki

Mvua ya milimita 5 ikinyesha jioni juu ya udongo mtupu wa eneo kavu, kesho yake alasiri uso umeshakauka tena, na mzizi wa hindi ulio sentimita 20 chini haujapata kitu. Msimu mzima ukijaa mvua za namna hiyo, mkulima atasema mvua haikunyesha, ingawa kipimo kitaonyesha milimita nyingi tu. Katika mashamba ya maeneo makavu, kati ya theluthi na nusu ya mvua ya msimu hurudi angani moja kwa moja kutoka kwenye udongo ulio wazi, bila kupita kwenye jani lolote.

Upotevu huo ndio unaolengwa na matandazo ya plastiki, ambayo wakulima wengi huyaita nailoni: karatasi nyembamba ya polithini inayotandazwa juu ya matuta, kisha mahindi, mtama, uwele au ngano ikapandwa kupitia matundu. Kwenye nyanya na tikiti jambo hili limezoeleka. Kwenye nafaka ni habari nyingine, kwa sababu mita moja ya mraba ya mahindi haina thamani ya mita moja ya nyanya, na kila shilingi ya plastiki lazima irudi kwa punje. Waliolifikisha mbali ni wakulima wa nyanda za juu kavu za kaskazini-magharibi mwa China, hasa mkoa wa Gansu. China ilichukua teknolojia ya nailoni kutoka Japani mwishoni mwa miaka ya 1970, na Gansu wakaijengea mfumo wao wa matuta na mifereji kwa ajili ya mahindi yasiyomwagiliwa, mahali ambapo mvua ya mwaka ni kati ya milimita 250 na 550. Vipimo vingi vilivyomo humu vinatokana na mfumo huo.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba nailoni haileti hata tone moja la maji. Inachofanya ni kubadilisha njia ya maji yaliyokwisha kunyesha, ili yapite kwenye mmea badala ya kupotelea hewani. Sehemu kubwa ya faida zake, na ya madhara yake, inatokana na hilo.

Maji yanavyookolewa

Udongo uliolowa hukauka kwa hatua mbili. Kwanza, uso ukiwa bado na maji, jua na upepo ndivyo vinavyoamua kasi, na shamba linaweza kupoteza milimita kadhaa kwa siku. Uso ukishakauka, maji ya chini hupanda polepole kupitia vinyweleo vya udongo na kasi hupungua sana. Mvua ndogondogo humalizikia karibu zote katika hatua ya kwanza. Nailoni inazuia hatua zote mbili: mvuke unaopanda hugonga plastiki, hugeuka matone upande wa chini, na kudondokea udongo uleule. Ukifunua ukingo asubuhi na mapema utakuta matone yametapakaa chini yake hata kama haijanyesha kwa wiki mbili.

Kazi ya pili ni kukusanya. Chukua mfumo wa Gansu wenyewe: tuta pana la sentimita 70 na tuta jembamba la sentimita 40, yakipishana shamba zima, yote yamefunikwa, na mahindi yamepandwa kwenye mfereji kati ya tuta na tuta. Katika kila sentimita 110 za upana kuna mifereji miwili. Mvua ya milimita 5 ikianguka juu ya mita moja ya urefu wa ukanda huo ni lita 5.5. Maji hayo huteremka kwenye mifereji, kila mmoja ukapata lita 2.75. Ikiwa sehemu ya chini ya mfereji inayopokea maji ina upana wa sentimita 15 hivi, udongo wa pale umepata sawa na mvua ya milimita 18. Kiasi halisi kitapungua kidogo, kwa sababu matone mengine hubaki juu ya plastiki na kukaukia hapohapo. Lakini tofauti ya milimita 5 zilizosambaa na milimita 18 zilizokusanyika ni tofauti ya mvua iliyopotea na mvua iliyofika mizizini.

Hesabu ya mavuno ifanywe vivyo hivyo. Tuseme nailoni imeokoa milimita 60 katika msimu. Kwa hekta moja hizo ni mita za ujazo 600. Mahindi yaliyotunzwa vizuri hutoa takriban kilo moja na nusu hadi mbili za punje kwa kila mita ya ujazo ya maji yanayotumika shambani. Hiyo ni nyongeza ya kilo 900 hadi 1,200 kwa hekta, mbolea ikiwepo. Mwenye shamba aweke bei ya mahindi ya kwake, aweke bei ya nailoni na vibarua, kisha aone kama pande mbili zinakutana. Anayeahidi kwamba mavuno yataongezeka mara tatu popote pale bila kuuliza mvua ni kiasi gani, udongo ni wa aina gani na baridi ikoje, anauza nailoni tu.

Joto: msaada kwa mmoja, balaa kwa mwingine

Gansu ni nyanda za juu zenye baridi. Nailoni inayopenyeza mwanga hupandisha joto la udongo nyuzi 2 hadi 5 mwanzoni mwa msimu, na kule sehemu kubwa ya faida inatokana na jambo hilo: mahindi yanaota mapema, yanawahi kufunga majani, yanakomaa kabla ya baridi kurudi. Anayelima sehemu ya chini yenye joto hana sababu ya kufurahia nyuzi hizo. Mahindi huota vizuri udongo ukiwa nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Ukizidi 35 mizizi inaanza kuumia.

Kwa hiyo rangi ya nailoni si suala la sura. Ile ya kupenyeza mwanga hupasha sana na huacha magugu yaote chini yake. Nyeusi hupata joto yenyewe lakini hupitisha kiasi kidogo kwenye udongo, hasa pale isipogusana nao vizuri, na magugu hufa kwa giza. Yenye sura mbili, nyeupe au rangi ya fedha juu na nyeusi chini, hurudisha sehemu ya mwanga angani na ndiyo inayofaa zaidi kwenye joto kali, ila bei yake iko juu. Kabla ya kuchagua, chomeka kipimajoto sentimita 5 ndani ya udongo mtupu saa nane mchana, wakati wa msimu wa kupanda. Kikisoma nyuzi 30 au zaidi, achana na ya kupenyeza mwanga.

Njia nyingine ya kupoza ni kutandaza udongo wa unene wa sentimita moja juu ya nailoni nzima. Ngano ya Gansu hupandwa hivyo: nailoni inalazwa juu ya ardhi tambarare bila matuta, inafunikwa udongo huo mwembamba, halafu mbegu 8 hadi 12 zinatiwa kwa pamoja katika kila tundu, mistari ikiachana sentimita 15 hadi 20. Udongo ule unazuia jua kuchakaza plastiki, unakandamiza magugu, na unaifanya nailoni isipeperuke. Gharama yake inajitokeza siku ya kuiondoa, kama itakavyoonekana mbele.

Kuandaa na kutandaza

Udongo lazima uwe na unyevu kabla ya kufunikwa. Hili ndilo kosa linaloharibu mashamba mengi: mtu anatandaza juu ya udongo mkavu akingoja mvua, na nailoni inafanya kazi yake kikamilifu, yaani inaulinda ukavu. Kwenye matuta na mifereji mvua itakayokuja itaingia kwa vitobo vya mferejini peke yake, na chini ya tuta pana patachukua muda mrefu kulowa. Ngoja mvua ya kwanza iliyopenya angalau sentimita 20 hadi 30, kisha tandaza ndani ya siku mbili tatu. Au fanya kama wanavyofanya Gansu katika mashamba mengi: tandaza mwishoni mwa mvua za msimu uliopita, ili maji ya mwisho wa msimu mmoja yalindwe hadi kupanda kwa msimu unaofuata. Njia hii inahitaji shamba lisilokanyagwa na mifugo wakati wa kiangazi.

Lima hadi udongo uwe laini, vunja madongoa, ng'oa visiki vya mabua ya mwaka jana. Kisiki kimoja chenye ncha hutoboa nailoni, upepo unaingia hapo, na kufikia jioni tobo limekuwa mpasuko wa mita tatu. Matuta yafuate kontua, yaani mistari ya usawa mmoja inayokatiza mteremko. Tuta pana liinuke sentimita 10 hadi 15, jembamba sentimita 15 hadi 20, na migongo iwe ya mviringo isiyo na mashimo yanayotuamisha maji. Samadi iliyooza na mbolea ya kupandia vichanganywe na udongo kabla ya matuta kupandishwa. Samadi mbichi iachwe kabisa, kwa sababu chini ya nailoni joto lake na gesi ya amonia havina pa kutokea, na miche huungua kuanzia mizizini.

Kwa ukanda wa sentimita 110 nailoni ya upana wa sentimita 120 inatosha. Karatasi mbili zinazopakana zikutane katikati ya mgongo wa tuta pana, kamwe zisikutanie mferejini, kisha kiungo kifunikwe udongo upana wa kiganja. Ivute iguse udongo kila mahali, hasa chini ya mfereji, bila kuikaza hadi ikawa nyembamba. Kila baada ya mita 2 au 3 weka kizuizi cha udongo kinachokatiza matuta. Kizuizi hicho kinashikilia nailoni wakati wa upepo, na pia kinazuia maji yasitiririke kufuata mfereji hadi mwisho wa shamba. Kazi hii ifanywe asubuhi isiyo na upepo, na watu watatu: mmoja anafungua roli, wawili wanafukia kingo huku na huku.

Acha siku tano hadi saba nailoni ishikane na udongo. Kisha pita kwenye mifereji na kijiti chenye ncha au msumari, toboa vitobo vya milimita 3 kila baada ya sentimita 50 katika sehemu ya chini kabisa. Kuna wanaosahau hatua hii wakidhani matundu ya kupandia yatatosha. Mvua kubwa ikija kabla ya kupanda, maji yanasimama juu ya plastiki, yanaibonyeza na kuipasua, na mengine yanavukia angani yakiwa sentimita chache kutoka kwenye udongo uliokuwa unayangoja.

Kuhusu kiasi cha kununua: hekta moja ya mfumo huu inahitaji karibu mita 9,100 za nailoni ya upana wa sentimita 120. Uzito unategemea unene. Yenye milimita 0.010 ni karibu kilo 100 kwa hekta, ya 0.006 ni kilo 60, ya 0.015 ni kilo 150. Kwa kuwa nailoni mara nyingi huuzwa kwa kilo, ile nyembamba inaonekana nafuu kwa kila hekta. Unafuu huo ni wa siku ya kununua tu.

Kupanda, na wiki mbili zinazoamua

Mbegu iingie sentimita 3 hadi 5 kwa mahindi, na 2 hadi 3 kwa mtama na uwele ambazo mbegu zake ni ndogo. Tumia kipandio cha mkono kinachotoboa na kudondosha mbegu kwa pigo moja, au kijiti na mkono. Tundu liwe dogo kadiri inavyowezekana. Baada ya mbegu kuingia, lizibe kwa konzi ndogo ya udongo laini wenye unyevu.

Kuziba huku kunadharauliwa sana. Mchana hewa iliyo chini ya nailoni hupata joto na kutafuta pa kutokea. Tundu likiwa wazi, hewa hiyo hupanda hapohapo, ikipuliza shina changa la mche saa tano hadi kumi. Mche hulegea, shina linageuka rangi ya kahawia usawa wa plastiki, na mwenye shamba anadhani ni ugonjwa. Tundu lililo wazi pia ni mlango wa magugu na wa mvuke uliokusudiwa kubaki ndani.

Hatari ya pili ni udongo wa kuzibia kugeuka gamba. Mvua ikinyesha kabla ya mbegu kuota, halafu jua likawaka, udongo wa tundu hukauka na kuwa mgumu. Mche unashindwa kuupasua na kujikunja chini yake. Ya tatu ni nailoni kusogea baada ya kupanda, tundu likawa hapa na mche ukaota pale. Mche uliokwama chini ya plastiki inayopenyeza mwanga huiva kwa siku moja ya jua. Kuanzia siku ya tano baada ya kupanda hadi ya kumi na mbili, shamba likaguliwe kila siku mapema asubuhi au jioni: vunja magamba, toa miche iliyokwama kwa kuchana mkato mfupi, ziba kwa udongo. Kazi ya kuitoa miche isifanywe saa sita mchana, kwani mche uliozoea unyevu wa chini ya nailoni hunyauka papo hapo ukikutana na jua kali.

Nafasi kati ya mashina ifuate maji, na hapa ndipo tamaa inapowaponza watu. Mistari ikiwa na wastani wa sentimita 55, kuacha sentimita 40 kati ya shina na shina ni mashina 45,000 hivi kwa hekta, sentimita 35 ni 52,000, na sentimita 30 ni 60,000. Penye mvua ya mwaka ya milimita 300 usisogeze mashina karibu zaidi ya sentimita 40. Ya 30 iachiwe maeneo yanayopata milimita 450 na kuendelea. Weka mbegu mbili kwa tundu, kisha punguza ubaki mmoja miche ikiwa na majani matatu hadi matano. Unaoondolewa ukatwe, ukiung'oa unainua nailoni na kutikisa mizizi ya unaobaki.

Kwa magugu, nailoni nyeusi ndiyo jibu rahisi. Aliyetumia inayopenyeza mwanga atakuta magugu yanaisukuma nailoni juu, na maji aliyoyaokoa yanaishia kwenye magugu. Wengine hupulizia kiuagugu kabla ya kutandaza. Kipimo kisizidi kile cha lebo, kwa sababu chini ya plastiki dawa haipungui upesi kama kwenye udongo mtupu, na joto huivukizia kwenye miche. Penye magugu machache, rushia udongo juu ya sehemu iliyoinuka ili kuyanyima mwanga, inatosha.

Njaa ya katikati ya msimu

Mahindi ya kwenye nailoni huanza kwa kishindo. Wiki ya sita yanapendeza kuliko ya jirani, kisha yakikaribia kutoa mbelewele majani ya chini yanaanza kugeuka manjano kutoka nchani kuelekea katikati, yakichora umbo la V. Hiyo ni njaa ya naitrojeni. Udongo wenye joto na unyevu huozesha mboji yake haraka na kutoa naitrojeni nyingi mapema. Mmea unaitumia kujenga mwili mkubwa, na punje zinapoanza kujaa ghala limebaki tupu.

Kwa kila tani moja ya punje, mahindi hufyonza kilo 20 hadi 25 za naitrojeni, kiasi kilichomo katika mfuko mmoja wa kilo 50 wa urea. Nailoni ikikupa tani ya ziada, tani hiyo inadai mfuko wake. Kuitia yote wakati wa kupanda kunarahisisha kazi lakini hakumalizi tatizo. Kinachofaa zaidi ni nusu hadi theluthi mbili kabla ya kutandaza, na iliyobaki mahindi yakiwa na majani 10 hadi 12, kwa kutoboa kati ya shina na shina kina cha sentimita 10, kudondosha mbolea na kuziba. Urea isimwagwe juu ya plastiki kwa matumaini kwamba mvua itaiingiza; itabaki pale, nyingine ipotee hewani, nyingine iunguze majani. Asiye na nguvu ya kutoboa mara ya pili atafute urea inayoyeyuka polepole na aiweke mapema.

Jambo hilihili lina upande wa muda mrefu usiozungumzwa vya kutosha. Mboji inayooza haraka kila msimu lazima irudishwe. Shamba la nailoni lisilopata samadi, huku mabua yote yakipelekwa kwa ng'ombe, linakula akiba yake. Tani 10 za samadi iliyooza kwa hekta kila mwaka si anasa hapa.

Maji nayo yana akiba yake. Mahindi makubwa yaliyosongamana hunyonya unyevu wa mita moja, mbili na hata zaidi kwenda chini, unyevu ambao mvua ya mwaka mmoja haiwezi kuurudisha. Mwaka wa kwanza unavuna sana, wa pili sana, wa tatu mvua ikipungua kidogo shamba lote linanyauka na hakuna wa kulisaidia kutoka chini. Dalili unaweza kuipima mwenyewe: baada ya mavuno chimba shimo la mita moja na nusu. Udongo wa chini ukishikwa ukamiminika mkavu, punguza idadi ya mashina msimu ujao au pumzisha kwa zao la muda mfupi lenye mizizi mifupi. Pale ambapo mvua ni chini ya milimita 250, nailoni huzaa mmea mkubwa usio na maji ya kumalizia, na kwenye mchanga mtupu maji yaliyokusanywa mferejini huzama kupita mizizi. Kwenye udongo mzito wa mfinyanzi unaotuamisha maji, mfereji uliofunikwa hunyima mizizi hewa. Katika hali hizo tatu ni heri fedha ikanunue mbegu ya muda mfupi au ijenge makinga maji.

Unene, na siku ya kuondoa

Uamuzi mkubwa kuliko wote unafanyika dukani, mbele ya roli. Mwanga wa jua hukata minyororo ya polithini kidogo kidogo. Baada ya miezi minne au mitano nailoni ya milimita 0.006 unaishika na inabaki vidoleni kama vipande. Kuiondoa shambani haiwezekani tena hata kwa mwenye nia njema. Ya 0.010 huondoleka kwa uangalifu. Ya 0.015 unaivuta na inakuja. China ilijifunza hili kwa gharama kubwa, baada ya miaka mingi ya kutumia plastiki nyembamba kupindukia katika mamilioni ya hekta. Kiwango chake cha taifa kilichoanza kutumika 2018 kilipandisha unene wa chini kutoka milimita 0.008 hadi 0.010. Kwa nafaka ya eneo kavu mimi ningesema 0.010 ndiyo sakafu, na 0.015 ndiyo ya kununua ukiweza. Nene pia hukubali kutumika misimu miwili: baada ya kuvuna, mabua yanakatwa, nailoni inaachwa, na msimu unaofuata unapanda katikati ya matundu ya zamani bila kulima.

Kuondoa kufanyike mara baada ya mavuno, udongo ukiwa na unyevu kidogo. Ukiwa mkavu unaing'ang'ania nailoni na kuirarua. Ukiwa tope unatoka umeshikamana nayo. Kata mabua usawa wa ardhi, legeza kingo zilizofukiwa kwa jembe kwanza, kisha vuta kutoka ukingoni kuelekea katikati ya tuta ukiikunja. Vipande vingi vinavyobaki shambani ni vya kingo hizo, na vya mashamba yaliyofunikwa kwa udongo juu, ambako lazima upite na reki. Kung'uta udongo, anika, funga. Nailoni inayotoka shambani bila kukung'utwa huwa na uzito wa udongo na takataka unaozidi wa plastiki yenyewe, na wanaorejeleza huikataa kwa sababu hiyo. Kuichoma ni kuwapa watu wa nyumbani moshi wenye sumu, na kuilimia chini ni kulitwika deni shamba lako mwenyewe.

Deni hilo linahesabika. Umetandaza kilo 100 kwa hekta ukaondoa asilimia 90: kilo 10 zimebaki. Ukiondoa asilimia 70, zimebaki 30. Kiwango cha China kinataka mabaki kwenye tabaka la kulimwa yasizidi kilo 75 kwa hekta. Mkulima wa kwanza anavuka hapo katika msimu wa nane, wa pili anavuka katika msimu wa tatu. Mabaki yakirundikana huzuia maji kupenya, hupindisha mizizi, hukwamisha mbegu, hujikunja kwenye jembe, na mifugo inayolisha mabua huyameza. Baada ya miaka huwa chembe ndogo zisizookoteka.

Kuna nailoni zinazooza kweli, zinazotengenezwa kwa plastiki ambazo vijidudu vya udongo vinaweza kuzila. Kiwango cha Ulaya cha EN 17033 kinataka asilimia 90 ya kaboni yake igeuke hewa ukaa ndani ya miaka miwili, katika udongo wa maabara wenye joto na unyevu wa kutosha. Udongo wa eneo kavu hauna unyevu huo kwa miezi mingi, kwa hiyo kuoza huchukua muda mrefu zaidi. Pia hupitisha mvuke zaidi ya polithini, na baadhi hupasuka kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Zijaribu kwenye kipande kidogo kwanza. Usizichanganye na zile zinazouzwa kwa madai kwamba zinaoza lakini ni polithini ya kawaida iliyotiwa kemikali ya kuivunjavunja: hizo zinageuka vipande na vipande vinabaki. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku bidhaa za plastiki hiyo tangu 2021.

Kujua shamba lako limefikia wapi, pima mraba wa mita moja kwa mita moja, chimba hadi sentimita 25 au 30, kina cha kulima, pitisha udongo wote kwenye chekecheke, okota kila kipande cha plastiki. Osha, kausha, pima uzito. Kila gramu moja ni kilo 10 kwa hekta, hivyo gramu 7 na nusu ndiyo mpaka. Rudia katika sehemu tano za shamba, mojawapo ikiwa mwisho wa mistari ambako upepo hukusanya mabaki, uchukue wastani. Ukivuka mpaka, usitandaze msimu huo. Pitisha reki baada ya kulima, wakati vipande vimeletwa juu, na tena baada ya mvua ya kwanza kuviosha udongo na kuviacha vikionekana.